Kidole Gumba Kwenye Kifungu cha Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimesoma sheria zote za kaunti. Zote – kuanzia ya mbwa mpaka ya makaburi.

Haya. Si zote. Ni moja. Na hiyo moja nilisomewa na Pauline wa saiba, lile duka la kompyuta, na nilisinzia kwenye kifungu cha tisa. Lakini mtu akikosa kujisifu ndani ya dayari yake atajisifia wapi? Dayari yenyewe ni ya mwaka jana, nilipewa na duka la dawa za mifugo baada ya watu wote kuikataa. Ukurasa huu umechapishwa Jumapili. Nimekata, nimeandika Jumatatu. Kila siku naisukuma mbele kidogo, kama punda.

Nilikuwa nimeenda kutoa kopi ya kitambulisho. Pauline akaniuliza kama nimeona mambo ya vibanda. Nikasema nimeona. Sikuwa nimeona. Akageuza kompyuta upande wangu.

Zamani tangazo lilikuwa linabandikwa ukutani, juu kabisa, mbuzi wasifike. Ukitaka kulisoma unabeba ngazi. Siku hizi matangazo yako kwa mtandao. Unaandika unakaa wapi na unafanya kazi gani, unaletewa yanayokuhusu. Pauline akaandika: Wamunyu, kuchonga. Yakaja mawili. Moja la kukata miti. Lingine letu.

Kifungu cha 14: vibanda vyote vya wachongaji vilivyo ndani ya mita kumi kutoka ukingo wa lami vitaondolewa, na wenyewe watahamia uwanja ulio nyuma ya soko la ng'ombe.

Nyuma ya soko la ng'ombe ni kilomita tatu. Wageni wanaonunua twiga hawapiti huko. Ng'ombe wenyewe hupita mara moja kwa wiki, na hawanunui.

Kibanda changu kiko hatua nne kutoka lami. Nimekaa hapo miaka arobaini na moja. Kutoka mlango wa nyumba mpaka hapo ni hatua tisa. Goti la kulia limekubali hizo tisa. La kushoto huwa siliulizi.

Pauline anasema bado ni rasimu. Yaani bado inapikwa na tunaruhusiwa kuonja. Mwisho wa kuonja ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa kumi na moja jioni.

Sijamwambia Kalekye. Ataniuliza nitafanya nini, na ni mke wangu, hawezi kuridhika na jibu nililo nalo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwambia Kalekye. Alijua tangu Ijumaa. Ile simu kubwa aliyonunuliwa na Muli, kijana wetu wa Mavoko, humwambia kila kitu. Nikamuuliza mbona hakunieleza.

"Baba Muli, ulikuwa unaongea."

Nikarudi kwa Pauline kuandika maoni. Unaweka namba ya kitambulisho, halafu namba ya siri inatumwa kwa laini yako mwenyewe, si ya jirani. Kitambulisho kimoja, mtu mmoja, sauti moja. Laini yangu iko ndani ya simu ya tochi, isiyo na mtandao, lakini namba iliingia hata huko.

Kuna mahali pa kubonyeza ili usomewe kwa Kikamba. Tukabonyeza. Mama anayesoma ni wa Kitui, nilimjua kwa neno la pili. Kufukuzwa kwa Kikamba cha Kitui kunasikika kama kukaribishwa chai.

Nikamwambia Pauline aandike: Mimi ni Kitonga, mchongaji, miaka 74. Mita kumi kutoka lami ni kitandani kwangu. Nikirudi nyuma vile mnataka, nitachonga nikiwa juu ya mke wangu, na yeye amesema hataki vumbi.

Pauline akaondoa mikono kwa kompyuta. Akasema kule kuna mtu wa kukagua matusi. Nikamwambia hayo si matusi, ni vipimo. Akaandika ya kwake: "Mita kumi kutoka lami ni ndani ya nyumba yangu. Wateja wetu ni wasafiri, husimama wakituona. Tafadhali njooni mpime sisi tukiwepo." Haina utamu. Lakini imekaa.

Chini ya ukurasa wameandika jambo la maana. Kifungu kikipingwa na watu wengi kuliko waliokiunga, lazima watu wa kaunti wakuje kukijadili mahali penyewe na wenyewe. Yaani wakuje hapa, wakae kwa viti vyetu, waangalie twiga machoni. Kisipopingwa, kinapita vile kilivyo.

Waliounga mpaka leo: wanne. Waliopinga: mimi na Pauline. Kaunti nzima, watu sita. Watu hawajui mlango uko wazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimejibiwa. Si na kaunti – na mtu anaitwa Peris, wa Syokimau. Kumbe hapo chini mtu yeyote anaweza kukujibu, hata ambaye hujamchokoza.

Anasema mama yake anakaa mbele kidogo ya Wamunyu. Mwaka jana akitoka sokoni alikuta vinyago vimejaa njia ya miguu. Akashuka kwa lami. Pikipiki ikamgonga. Mpaka leo anatembea na mkongojo. Kwa hivyo yeye Peris ni mmoja wa wale wanne, na hana haja ya kuficha.

Nikamjibu kwa simu ya Kalekye, kidole kimoja, nusu saa: Pole sana kwa mama. Lakini twiga wangu hawajawahi kugonga mtu.

Akajibu: Mzee, twiga wako ndio walimsukuma barabarani.

Nikamuuliza ni twiga wa nani hasa. Akasema yeye hajui majina ya twiga.

Nikaenda nje kuangalia. Watatu walikuwa wamesimama katikati ya njia ya miguu, na kiboko mmoja. Nimewarudisha hatua mbili. Sijamwambia. Halafu nikamwandikia kwamba watu wa Syokimau wamezoea kutembea ndani ya magari. Akaniambia wachongaji wamezoea kutembea kwa makalio. Nimecheka mpaka Kalekye akaja kuchukua simu yake.

Mama wa mtu huyu amezaa mtoto mzuri. Sijagombana vizuri hivi tangu Nthenya, yule jirani wa kinu cha unga, afe.

Jumamosi, 8 Novemba

Mkutano wa wachongaji. Mwenyekiti ni Katunge, mwanamke wa kwanza kushika tezo hapa, na ndiye huwa anatupigia kelele tukichelewa. Nilichelewa.

Sisi hatunaga mambo ya watu wawili kusema neno moja. Mmoja anasema, katibu anaandika, wengine wanapaka wino na kuweka kidole gumba chini. Daftari letu limeanza 1979. Lina vidole vingi kuliko maneno.

Kwa hivyo nikasimama. Nikasema maneno nimeshayasema, yako kwa mtandao, hakuna haja ya kila mtu kupiga domo. Fungueni simu, wekeni kitambulisho, mtaona kidole gumba cha kijani. Bonyezeni hicho mwende nyumbani.

Katunge akasema ingefaa kila mtu asome kwanza. Nikamwambia mimi nimewasomea. Akaniangalia vile huangalia ubao wenye ufa.

Watu thelathini na sita walibonyeza. Pauline alikuwa ametuwekea mtandao wa bure. Hata Onesmus alikuja, na wafanyakazi wake saba nyuma yake kama vifaranga.

Onesmus ni rika langu. Karakana yake iko ndani ya boma lake, nyuma ya ukuta, mbali na lami. Sisi wa barabarani anatuita maonyesho. Ndiye yule wa ndovu – ile kubwa imesimama kwa mlango wa hoteli moja Nairobi, na picha yake iko kwa sebule yake na kwa kalenda yake na, Mungu anisamehe, kwa kaburi alilojijengea tayari.

Miguu ya ndovu ile ni yangu. Yote minne. Mwaka 1991 mkono wake ulivimba zikiwa zimebaki siku tisa. Nilichonga nikiwa nimejificha kwa ghala lake, mke wake akiniletea uji. Siku ya kumi Onesmus akaniambia: Kitonga, siku moja utaniomba kitu, na sitauliza ni nini. Sijawahi kuomba. Sijawahi kumwambia mtu, isipokuwa Kalekye, na sasa dayari. Nilikuwa naingoja shida kubwa.

Lakini leo tumefanya kazi. Thelathini na sita. Nikamwandikia Peris: Jitayarishe.

Jumapili, 9 Novemba

Misa. Nimekaa mbele. Watu wamenisalimia vizuri, wengine wameniita wakili. Sikuwakatiza.

Baada ya chakula, ujumbe wa Peris. Nauandika vile ulivyo:

"Mzee Kitonga, samahani kuuliza. Nilikuwa tayari unipige. Mbona watu wako wote wameunga kifungu?"

Nikamjibu aache utani siku ya Bwana.

Jumatatu, 10 Novemba

Si utani.

Kidole cha kijani kiko mahali pawili. Kimoja kiko juu, chini ya kifungu chenyewe. Kingine, kinachohesabiwa kupinga, kiko huko chini kabisa, chini ya maoni yangu, usukume ukurasa mpaka uchoke. Nilisema kidole cha kijani. Walibonyeza cha kwanza walichokiona, kama watu wenye heshima. Kwa daftari letu hakunaga kidole juu ya maneno, kiko chini yake. Hapa maneno ya juu yalikuwa ya kutufukuza.

Waliounga kuhamishwa kwa wachongaji wa Wamunyu: 40. Waliopinga: 3.

Pauline ameinama juu ya kompyuta muda mrefu. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema hakuna kifungu kingine kinachopendwa hivi katika rasimu nzima.

Watatu waliopinga ni mimi, Pauline, na mtu mmoja. Nikakaa nikifikiria huyo mwerevu ni nani. Jioni nikamuuliza Kalekye. Ndiye. Alibonyeza jana, peke yake, akipika.

"Ulijuaje pa kubonyeza?"

"Nilisoma."

Ndiye pekee ambaye hakuhudhuria masomo yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeenda kwa Katunge kukiri. Alikuwa anapiga msasa. Hakusimamisha mkono. Aliniacha niseme mpaka mwisho, halafu akaniambia nirudie, polepole, kwa sababu siku kama hii haiji mara mbili.

Unaweza kugeuza. Pauline amehakikisha: unaingia na kitambulisho chako, unabonyeza kidole chekundu, cha kijani kinajifuta. Lakini lazima uwe na simu yako, ile namba ya siri ifike. Hakuna mtu wa kukufanyia.

Katunge amegeuza chake mbele yangu, halafu akachukua upande wa juu wa barabara. Mimi na goti tumechukua upande wa chini.

Tumegeuza kumi leo, sisi wawili.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Sita.

Mmoja amesafiri Mombasa kuuza. Mmoja simu ilianguka kwa choo, na amekataa nisimulie zaidi. Mmoja amebadilisha simu na mbuzi – ameniletea mbuzi nimwone, ni mbuzi mzuri. Wawili wamesema serikali ikikuona umebonyeza kijani halafu nyekundu itajua wewe ni mtu wa vurugu. Mmoja amesema amechoka, akihamishwa atahamishwa tu, na ametaka kujua kama huko nyuma ya soko kutakuwa na kivuli. Wengine, milango imefungwa, wako shambani kwa palizi.

Waliounga 24. Waliopinga 19.

Hesabu si kazi yangu lakini hii nimeifanya mara nne. Nikipata watu watatu wageuze, inakuwa 21 kwa 22, na lazima wakuje kupima.

Nilimwomba Peris aondoe kidole chake. Akasema hapana. Akasema mama yake bado ana mkongojo, na hawezi kumfanyia mama hivyo kwa sababu ya mzee mmoja mchekeshaji. Nikaona ana haki. Nikamwambia ukweli, kwamba nilirudisha twiga hatua mbili wiki iliyopita. Halafu akaandika: Wakikuja kupima, waambie hatua hizo mbili ziandikwe kwa sheria. Hiyo nitaiunga.

Ni maneno ya akili kushinda yote niliyosema mkutanoni. Lakini ili yaandikwe, lazima wakuje.

Alhamisi, 13 Novemba

Wamebaki wa Onesmus. Yeye na wale saba.

Kwa Onesmus kuna oda ya Krismasi, vifaru mia tatu vidogo. Wafanyakazi wanalala hapo hapo. Jumatatu asubuhi simu zote zinaingia kwa kikapu, kikapu kinapandishwa kwa kamba mpaka kwa boriti, kinashuka Jumamosi mchana. Alianza hivyo baada ya Ngui kujikata kidole akiangalia mpira. Si sheria mbaya. Iko ukutani, imeandikwa kwa mkaa, kila mtu anaiona bila ngazi.

Kwanza nikaenda kwa ukuta wa nyuma, kuna tofali limetoka. Nikamwita Ngui. Baba yake ana kibanda cha tatu kutoka changu. Nikamweleza.

"Mzee, sisi tuko tayari wote saba," akasema. "Lakini simu iko juu, na mwenye kamba ni yeye."

Nikazunguka mlangoni kama mgeni. Onesmus alinikaribisha vizuri. Chai ya maziwa, mkate. Akaniuliza goti. Nikamuuliza presha. Halafu nikasema.

Akasikiliza akiwa ameangalia kikombe. Akaniita mzee kwa Kikamba: "Mutumia, mimi nilibonyeza vile ulitufundisha. Mwalimu hawezi kurudi baada ya mtihani kusema hesabu ilikuwa makosa."

Nikamwambia tunahamishwa.

"Mimi sihamishwi."

Hapo nikaelewa. Sisi tukienda nyuma ya soko la ng'ombe, mgeni atakayesimama Wamunyu ataona mlango mmoja tu. Sijui kama alijua hivyo Jumamosi akibonyeza, au amejua baadaye akikunywa chai. Sikuuliza. Mimi mwenyewe ndiye nilimwonyesha pa kubonyeza.

Akasema oda ni ya Jumatatu, hawezi kusimamisha kazi. Akanisindikiza mpaka barabarani. Amekuwa na adabu sana. Angenitukana ningejua pa kushika.

Ndovu sikumtaja. Ilifika mpaka kwa meno ikarudi. Miaka thelathini na nne mtu amenyamaza – hutoi kitu kama hicho juu ya chai na mkate.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi Kalekye amefagia kibanda, kitu ambacho hajafanya tangu mwaka ule wa njaa. Alipanga tezo zangu kutoka kubwa mpaka ndogo. Halafu akasema, "Uende kwa Onesmus. Na uache utani nyumbani."

Nikamwambia bila utani nitabaki na nini.

"Na miguu minne," akasema.

Kwa hivyo niko hapa. Kwa boma la Onesmus, juu ya gogo la muuku, mti tunaochonga, dayari kwa goti zuri. Pauline amepiga simu ya tochi: saa kumi na dakika kumi na tano, bado 24 kwa 19, niharakishe. Nimemwambia naharakisha nikiwa nimekaa. Onesmus yuko kwa nyumba, mke wake anasema anavaa shati. Mtu hahitaji shati kwa sababu yangu. Anajua nimekuja na nini.

Wale saba wanachonga. Ngui ameshika kifaru kimoja tangu nifike, hajakitoa hata kipande. Kikapu kiko juu kwa boriti. Kinatikisika kidogo – kuna simu ndani inaita, inanyamaza, inaita. Kamba imefungwa kwa msumari chini kabisa, mtoto anafika. Nimeiangalia sana. Siwezi. Si goti. Ni kwamba sheria yake iko ukutani na hakuniita kuijadili, na mimi wiki mbili nazunguka nikiwaambia watu sheria inazungumzwa, haivunjwi.

Saa kumi na nusu. Ngui ameniambia bila kuinua kichwa.

Naandika maneno kwanza hapa, nisije nikaanza kuchekesha. Akitoka nitamsomea, vile yalivyo, mbele ya wafanyakazi au pembeni, achague mwenyewe:

Onesmus. Mwaka wa 1991 ulisema siku moja nitakuomba kitu na hutauliza ni nini. Ni leo. Nilidhani kitakuwa kikubwa, ndiyo maana nimekaa nacho. Sikuombi uniunge. Kidole chako kiache kwa kijani, ni chako, na mwalimu alikuwa mbaya. Ndovu ni yako, sitasema kwa mtu, hata leo ukikataa. Mimi nilikupa siku tisa na mikono yote miwili. Wewe nipe dakika kumi. Shusha kikapu.